Mwenye Hofu Hafunguliwi

Tusekile alisimamishwa juu ya kiti siku ya Jumatatu, chai ya asubuhi ikiwa bado inafuka mezani.

Kosa lenyewe halikuwa kubwa. Alikuwa ameinuka kwenda msalani akaacha akaunti ya mgonjwa mmoja wazi, na Bwana Ambokile, mkuu wa kituo, akapita na kuiona. Angeweza kumwita ofisini kwake wakaongea wawili. Badala yake alipiga makofi, watu wote ukumbini wakainua vichwa, naye akamwonyesha Tusekile kiti kwa kidole.

"Panda. Waeleze wenzako ulichofanya."

"Niliacha akaunti wazi, mkuu."

"Sauti!"

"Niliacha akaunti wazi!"

"Na ndani ya hiyo akaunti kuna nini?"

"Kuna moyo wa mtu."

"Moyo wa mtu," alirudia Bwana Ambokile, akiwageukia wengine. "Ungekuwa moyo wa mama yako, ungeuacha hivyo ukaenda kujisaidia?"

Watu wawili watatu walicheka, kile kicheko cha mtu anayeshukuru kwamba leo si zamu yake. Tusekile akashuka. Alimaliza kazi ya siku ile bila kumtazama mtu usoni, na kesho yake hakuja. Hakuja tena.

Sekela, aliyekuwa akikaa meza ya pili kutoka kwake, hakucheka. Lakini hakusema neno pia. Aliinamia kazi yake, akiwa na uso uleule aliokuwa nao kila siku tangu amzike binti yake Tumpale.

* * *

Kituo cha Mapigo kilikuwa Mbeya, chini kidogo ya mlima Loleza, katika jengo refu la bati la bluu ambalo mvua ikinyesha watu walilazimika kusemezana kwa sauti. Humo ndani waliangaliwa wagonjwa wa nyanda za juu zote waliowekewa pampu kifuani. Pampu yenyewe ilikuwa ndogo kama yai la njiwa, ikiusaidia moyo uliochoka kusukuma damu. Kila pampu ilikuwa na akaunti yake, na kila akaunti ilikuwa na mwangalizi. Mgonjwa akipanda kilima, mwangalizi aliongeza kasi, akilala, aliipunguza. Akishikwa na homa, palikuwa na mtu mbele ya kioo cha kompyuta aliyejua kabla hata ya mgonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo aliyeshika akaunti alishika moyo. Na wezi walilijua hilo.

Ndiyo sababu kila mwangalizi alikuwa na ushanga. Ulikuwa umepandikizwa chini ya ngozi ya kifundo cha mkono, mdogo kama punje ya mtama, nao ndio uliokuwa ufunguo. Nywila ziliachwa zamani, katika miaka ile mibaya ambapo watu walitekwa barabarani na kulazimishwa kufungua akaunti zao huku kisu kikiwa shingoni. Ushanga ulitengenezwa kukomesha jambo hilo. Ulisoma mapigo ya mwenye nao, jasho lake na pumzi zake. Ukimkuta ametulia, uliwaka kijani na akaunti ikafunguka. Ukimkuta na woga, uliwaka mwekundu na kukataa, kwa sababu mtu mwenye woga huenda ana mtu nyuma yake anayemlazimisha. Mafundi waliouleta walilisema hilo kwa maneno matatu, na waangalizi wapya walifundishwa hayo siku ya kwanza: mwenye hofu hafunguliwi.

Utekaji ulikwisha kweli. Lakini hakuna aliyejiuliza itakuwaje mtu anayeogopwa akiwa si jambazi wa barabarani, bali ni mkuu wa kazi anayepita kati ya meza, mikono nyuma.

Tangu Tusekile aondoke, shanga zilianza kugoma. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Mtu aliweka mkono wake kwenye kisomeo, akaona wekundu, akajifanya anakuna. Akajaribu tena. Halafu akageuka taratibu kuelekea meza ya Sekela.

"Dada Sekela," walimnong'oneza, "naomba mkono wako."

Sekela alikuwa na ruhusa ya akaunti zote za zamu, maana ndiye aliyekuwa mwangalizi mkongwe. Aliinuka, akaweka mkono wake kwenye kisomeo cha mwenzake, ushanga ukawaka kijani, akarudi kukaa. Ilikuwa kinyume cha taratibu, na wote walijua. Ushanga wake haukukataa hata mara moja. Wenzake walisema ana moyo wa chuma. Yeye alijua sivyo. Siku aliyotoka makaburini kumzika Tumpale, aliyefariki akisubiri pampu ambayo siku hizo haikuwa imefika Mbeya, aligundua kwamba hakuna tena kitu cha kumshtua. Radi ilipiga karibu na nyumba, akaisikia tu kama mtu anayesikia habari za mji mwingine.

* * *

Katika wagonjwa wa Sekela alikuwamo mwalimu mstaafu wa Matamba, kule Makete, aliyeitwa Enesia Tweve. Alipiga simu kila Jumanne, ingawa hakutakiwa kupiga.

"Kamwene, Sekela. Moyo wangu uko hapo?"

"Kamwene, Mwalimu. Uko hapa, unakwenda vizuri."

"Usiuangushe."

Walipomaliza hayo, Mwalimu Tweve alisimulia habari za viazi vyake, za baridi, za jirani aliyepanda miti ya tufaha mpaka ndani ya mpaka wake. Siku moja aliuliza, bila utangulizi, "Wewe una watoto?"

Sekela hakuwa amelijibu swali hilo kwa muda mrefu. "Nilikuwa naye mmoja," alisema.

Kisha Mwalimu akasema, "Aliitwa nani?"

Watu wengine wote walisema pole wakabadilisha mazungumzo. Huyu aliuliza jina. Sekela akalitaja, na Jumanne iliyofuata Mwalimu akauliza kama Tumpale alipenda shule, na Jumanne nyingine akauliza alipenda kula nini. Sekela akajikuta anaingoja Jumanne.

* * *

Alhamisi moja, saa za chai, Lusajo alimfuata Sekela jikoni akafunga mlango. Lusajo alikuwa mwangalizi kijana, mchapakazi, mpole, mwenye mazoea ya kuimba chinichini akifanya kazi. Siku hiyo midomo yake ilikuwa imekauka.

"Dada, nimefanya jambo baya."

"Jambo gani?"

"Asubuhi umekuja ujumbe. Ulikuwa na nembo ya mafundi wa makao makuu, na jina langu, kila kitu. Ulisema kuna ukaguzi wa shanga, niweke mkono nithibitishe. Nikaweka, ukawaka kijani." Alivuta pumzi. "Sasa hivi nimeitazama tena ile anwani. Imekosewa herufi moja. Si wao, dada. Wamenakili ushanga wangu."

Sekela aliweka kikombe chini. "Basi twende kwa mkuu sasa hivi. Ufunguo wako ufutwe, upewe mwingine. Ni kazi ya dakika chache."

"Nakuomba." Lusajo alimshika mkono. "Umeona alivyomfanya Tusekile, na yeye aliacha tu kioo wazi. Mimi nimewapa wezi mkono wangu. Atanipandisha pale juu mbele ya watu wote, halafu aniite polisi. Mama Kyando anaingia zamu jioni. Yeye ana mamlaka ya kufuta ufunguo, wala hamfokei mtu. Tusubiri jioni tu. Labda hawajautumia. Labda hata hawajui walichokipata."

Sekela alimtazama. Alijua jibu lililo sahihi. Lilikuwa jepesi, na mlango wa ofisi ya Bwana Ambokile ulikuwa hatua chache tu kutoka pale. Lakini alikuwa akimwona Tusekile juu ya kiti, akivuta sketi yake chini kwa mikono miwili, na kumbukumbu ya kunyamaza kwake siku ile haikumtoka. Hakumsaidia yule. Sasa huyu alikuwa amesimama mbele yake akimwomba.

"Sawa," alisema. "Jioni."

Lusajo alifunika uso kwa mikono, akashukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, dada. Ndaga fijo."

Walirudi kwenye meza zao. Lusajo hakuimba.

* * *

Hawakufika jioni. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati pale kengele ya hatari ilipolia, na kwenye kioo kikubwa cha ukutani majina ya wagonjwa wa Lusajo yakaanza kugeuka mekundu, moja baada ya jingine. Kisha yakafuata ya meza nyingine, kwa sababu wezi walipokwisha kuingia kwa ufunguo wa Lusajo walipata njia ya kufikia akaunti za wenzake wa zamu. Pampu zilikuwa zinapunguzwa kasi. Ndugu za wagonjwa walianza kupiga simu wakilia: walikuwa wametumiwa ujumbe kwamba wakitaka moyo wa mtu wao urudi, walipe.

Bwana Ambokile alitoka ofisini mbio. "Nani?" alipiga kelele. "Nani amewafungulia? Aseme sasa hivi!"

Lusajo alikuwa ameganda, macho kwenye kioo.

"Nauliza nani!"

"Ni ufunguo wa Lusajo," alisema Sekela. "Piga simu makao makuu waufute."

Ukumbi mzima uligeuka. Bwana Ambokile alifungua mdomo, akaufumba, akachukua simu. Ufunguo ukafutwa, na wezi wakakosa mlango. Lakini amri walizokwisha kuzitoa zilibaki ndani ya pampu. Kila pampu ilibidi irudishwe na mkono wa mwangalizi, akaunti moja moja, na moyo uliochoka haukuweza kuvumilia kasi ile ndogo kwa muda mrefu.

"Rejesheni! Kila mtu na wake! Haraka!"

Mikono ikawekwa kwenye visomeo. Ukumbi ukawaka wekundu, meza hadi meza.

"Mnafanya nini? Watu wanakufa! Fungueni!" Alikuwa akikimbia kutoka bega hadi bega, akifoka juu ya vichwa vyao, na kila alipofoka ndivyo taa nyekundu zilivyozidi kung'ang'ania. Mwangalizi mmoja alianza kulia. Mwingine alikuwa akipigapiga mkono wake mezani, kama mtu anayeamsha kitu kilicholala. Bwana Ambokile akamsukuma kando, akakaa mwenyewe, akaweka mkono wake.

Wekundu.

Akaufuta mkono kwenye shati, akaweka tena. Wekundu. Akaweka mara nyingine, akiubonyeza kwa nguvu mpaka kucha zikawa nyeupe. Watu wote walikuwa wakimtazama, na walipomtazama waliona kitu ambacho hawakuwahi kukifikiria: kwamba mtu huyu naye alikuwa anaogopa, na woga wake haukuwa wa siku hiyo.

"Nipisheni," alisema Sekela.

Alikwenda meza ya kwanza. Kijani. Rejesha. Meza ya pili. Kijani. Rejesha. Wenzake walikuwa wakimwachia viti kabla hajafika. Mkono wake ulikuwa mkavu na pumzi zake za kawaida, na majina ukutani yakaanza kurudi meupe: mzee wa Tunduma, kijana wa Rungwe, mama wa Chunya aliyejifungua mwezi uliopita. Hakuyatafakari. Alifungua tu, akarejesha, akasogea.

Akafika meza yake mwenyewe. Lilikuwa limebaki jina moja.

Aliweka mkono, na wakati huohuo akalisoma lile jina. Kitu kikamrudia. Kilikuwa kitu cha zamani, alichokijua, alichokuwa nacho mara ya mwisho kwenye korido ya hospitali akiwa amemshika mtoto. Mapigo yakampanda mpaka masikioni. Ushanga ukawaka mwekundu.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana."

Aliweka tena. Wekundu. Kwa mkono mwingine akapiga simu Matamba.

"Sekela?" Sauti ilikuwa nyembamba. "Leo si Jumanne."

"Mwalimu, uko wapi? Keti chini."

"Nimeshakaa, mwanangu. Nimechoka ghafla. Kama nimebeba gunia."

"Usiinuke. Kuna tatizo huku kwetu, nalitengeneza. Usiinuke kabisa."

Wekundu. Nyuma yake Bwana Ambokile alikuwa ameacha kufoka. Mvua ilikuwa ikipiga bati.

"Mbona unahema hivyo?" aliuliza Mwalimu Tweve.

"Ushanga wangu umenikataa. Naogopa. Nisamehe, Mwalimu, nilijua tangu asubuhi, nilipaswa—"

"Sasa hivi si wakati wa hayo." Mwalimu alipumzika kidogo kati ya maneno. "Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Watoto wakija siku ya kwanza wanalia hivyohivyo. Funga macho. Umefunga?"

"Nimefunga."

"Vuta hewa kwa pua. Taratibu. Itoe kwa mdomo. Tena. Hakuna mtu atakayekupiga hapa."

Sekela alivuta. Akatoa. Machozi yalikuwa yakimshuka na akayaacha. Alivuta tena, akaisikia sauti ile ikihesabu pamoja naye, polepole, ikiachia nafasi kubwa kati ya namba na namba, kisha nafasi kubwa zaidi. Alipofungua macho ushanga ulikuwa wa kijani.

Alibonyeza rejesha.

"Tayari, Mwalimu! Imerudi! Unasikia? Mwalimu?"

Kwenye kioo, jina lilikuwa jeupe na pampu ilikuwa inakwenda kama inavyotakiwa. Kwenye simu palisikika kuku nje ya nyumba, na upepo. Sekela aliendelea kuita. Pampu ilikuwa imerudi, Mwalimu hakurudi.

* * *

Asubuhi iliyofuata Bwana Ambokile alimwita Sekela ofisini. Alionekana kama mtu aliyelala na nguo zake. Hakukaa nyuma ya meza, alikaa kwenye kiti cha wageni na kumvutia Sekela kingine.

"Makao makuu wameamua," alisema. "Familia ya Tweve itaambiwa moyo ulichoka. Ulikuwa moyo wa mtu mzima, daktari yeyote atakubali. Mwili hautapimwa."

"Na Lusajo?"

"Ataachishwa kazi kimyakimya. Ni afadhali kwake. Ikijulikana, sheria ya akaunti za uhai inampeleka jela."

"Mkuu, mimi nilijua tangu saa za chai—"

"Usiniambie." Aliinua mkono haraka. "Sekela, nakuomba. Ukiniambia, nitakuwa nimejua."

"Ndiyo maana nakuambia. Lusajo aliniambia saa za chai. Nilitaka kuja kwako, sikuja. Tulisubiri Mama Kyando aingie, kwa sababu tulikuogopa wewe."

Bwana Ambokile alitazama mikono yake.

"Ushanga wangu haufunguki tangu mwaka jana," alisema. "Tulimpoteza mgonjwa, unamkumbuka, yule wa Kyela. Niliitwa Dodoma. Walinisimamisha mbele ya wakuu wa vituo vyote, wakanisomea makosa yangu mpaka mchana. Tangu siku hiyo nikiweka mkono, wekundu. Mama Kyando ananifungulia. Nilidhani nikiwa mkali hamtakosea, na msipokosea sitaitwa tena." Alicheka kidogo, bila furaha. "Sasa nitaitwa."

"Nataka kwenda Matamba," alisema Sekela. "Wanazika kesho. Nataka kuwaambia kweli."

"Fikiria kwanza. Wakijua, nchi nzima itajua. Wagonjwa wote waliolala leo wakiamini kuna mtu anawalinda watakesha wakishika vifua vyao. Kituo kitafungwa. Nani atawaangalia? Hakuna kituo kingine huku. Utamwambia binti mmoja ukweli, na mama wa Chunya atakosa wa kumwongezea kasi akimnyonyesha mtoto. Hilo umelipima?"

Sekela alikuwa amelipima tangu jana. "Labda uko sahihi. Lakini jana tulinyamaza ili tusimwumize mtu mmoja. Sasa unaniambia tunyamaze ili tusiwaumize wengi. Mimi sijui tena kunyamaza kunaishia wapi."

Bwana Ambokile aliinuka akaenda dirishani. Alikaa huko akiwa amempa mgongo.

"Gari la kituo liko nje," alisema. "Limechajiwa. Mimi nitabaki, lazima mtu abaki na wagonjwa. Na mimi sijakuzuia. Wakiniuliza nitasema sikukuzuia."

* * *

Alfajiri ya siku iliyofuata Lusajo alikuwa chumbani kwake Uyole, amekaa kitandani na begi lililofungwa miguuni. Kaka yake alikuwa ng'ambo ya mpaka, Zambia, na alikuwa ameshampigia.

"Naenda Matamba," Sekela alimwambia akiwa mlangoni. "Nitalitaja jina lako. Siwezi kulisema nusu. Nimekuja ili ulijue mapema, kama unataka kuondoka uondoke leo."

Lusajo aliangalia begi kwa muda.

"Ana watoto?"

"Binti mmoja. Roida."

Alilisukuma begi chini ya kitanda kwa mguu. "Nisubiri nivae shati jingine," alisema.

Njia ya kupandia Makete ilikuwa na ukungu, gari likawasha taa mchana kweupe. Hawakuzungumza sana. Walipita mashamba ya pareto, wakapita ngano iliyolala kwa mvua. Mara moja tu Lusajo aliuliza, "Nitasemaje, dada?" na Sekela akajibu, "Sema ulichofanya. Usieleze kwa nini mpaka wakuulize."

Walikuta watu wamejaa uani, wanawake wakiwa wamejifunga vitenge na mashuka ya baridi, moshi wa jikoni ukiwa umetanda. Roida alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, aliyefanana na sauti ya mama yake. Walipojitambulisha kuwa wametoka kituoni, aliwashika mikono yote miwili.

"Karibuni. Mama aliwasema kila siku. Wewe ndiye Sekela? Asante kwa kuja kutuzikia."

"Dada Roida," alisema Sekela, "tunaomba tuongee nawe kabla hujatushukuru."

Aliwaingiza chumba cha nyuma, kilichokuwa na magunia ya viazi. Mjomba wake, mzee aliyevaa koti la mvua, akawafuata akasimama mlangoni. Lusajo alisema kwanza. Alisema alivyoweka mkono wake, alivyotambua, alivyonyamaza. Sauti ilimkatika mara mbili na mara mbili akaanza upya. Kisha Sekela akasema yake: kwamba aliambiwa na angeweza kulizuia, na kwamba mwishoni ushanga wake ulimkataa na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemtuliza.

Roida hakulia. Alikuwa akiwatazama kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua vizuri.

"Kwa hiyo asubuhi yote," alisema, "mlikuwa mnajua. Mama alipokuwa anakunywa uji, mlikuwa mnajua. Alipotoka kuwatupia kuku pumba, mlikuwa mnajua."

"Ndiyo," alisema Sekela.

"Na neno moja lingetosha."

"Ndiyo."

"Mlimwogopa nani kiasi hicho?"

Lusajo alijibu akiwa ameinamia sakafu. "Mkuu wetu. Niliogopa kusimamishwa mbele ya watu."

"Kusimamishwa mbele ya watu!" Mjomba alipiga hatua ndani. "Kwa aibu yako dada yangu amelala pale? Watoke, Roida. Watoke kabla sijawatoa mimi."

Roida aliinua mkono, na mjomba akasimama. Nje watu walianzisha wimbo wa mazishi, naye akausikiliza mpaka ubeti wa pili.

"Makao makuu wamenipigia jana," alisema. "Mtu mwenye sauti nzuri. Amesema moyo wa mama ulichoka, akanipa pole. Nikamshukuru." Aliuma mdomo. "Mtayarudia haya mbele ya hakimu?"

"Nitayarudia," alisema Sekela.

"Na mimi," alisema Lusajo.

"Hata mkifungwa?"

Lusajo aliitikia kwa kichwa.

Roida aliinuka, akaifungua kanga yake akaifunga upya kiunoni, kwa nguvu. "Mwili hautazikwa leo," alimwambia mjomba wake. "Waambie wachimbaji wapumzike. Kesho tutampeleka hospitali apimwe, halafu ndipo tutamzika." Mzee alitaka kubisha, akamtazama usoni, akatoka.

Walibaki watatu. Sekela na Lusajo wakainuka kuondoka, bila kujua waage vipi.

"Mmetoka Mbeya tangu alfajiri," alisema Roida. "Mmekula?"

Walitazamana. "Hapana," alisema Sekela.

"Basi kaeni."

Alitoka, akarudi na birika la maji ya moto na beseni. Wanawake wawili waliomfuata wakaweka chakula kwenye mkeka. Roida mwenyewe akainama kuwanawisha, Sekela kwanza, halafu Lusajo. Lusajo alipoona maji yanapita juu ya vidole vyake alianza kulia kwa sauti, mikono ikiwa bado imenyooshwa juu ya beseni. Roida hakumbembeleza. Aliendelea kumimina mpaka mikono ikawa safi.

"Msidhani nimewasamehe," alisema, akiweka birika chini. "Sijui kama nitawasamehe."

"Hatukuja kwa ajili hiyo," alisema Sekela.

"Najua." Roida akakaa kwenye ukingo wa mkeka, akamega ugali kwanza yeye mwenyewe, ili nao waweze kuanza. "Ndiyo maana nimewapa chakula."